Fomu Uliyoiweka Bila Kuniuliza

Bwera, dukani, mchana

Bwambale wangu,

Asubuhi umepanda boda kwenda Rukoki kumchukua baba yako, ukaniaga kwa "haya mama" ya mtu aliyenuna, nami nikakujibu "haya" ya mtu aliyenuna zaidi. Sasa nimefunga mlango wa duka nusu, nimevuta kiti, naandika. Jioni mtarudi, na baba yako akishaanza habari za kahawa yake hakuna mwingine anayepata zamu ya kusema. Kesho unapanda basi la Kampala kwenda chuo. Nafasi yangu ni hii.

Mambo ya blanketi, sabuni na simu isiibiwe nimekuimbia wiki nzima mpaka umechoka kunisikia. Hayo siandiki. Nataka tuongee habari ya Jumatatu.

Jumatatu nilikuaibisha. Nilirudi kutoka soko la Mpondwe, jua limenipiga, wachukuzi wamenikanyaga, nikafungua ukurasa wetu kwenye simu nione kama ile makala ya taa za sola imekaa sawa. Badala ya taa nikaona fomu. "Andika imeli yako hapa." Nikawaka. Sikukuita pembeni, nilikufokea papo hapo mbele ya Mama Masika aliyekuja kununua betri. "Nani kakutuma ukusanye majina ya watu? Unataka tufungiwe tena?" Ukanijibu taratibu, "Mama, bila fomu ukurasa huu hautaweza kunilisha Kampala." Nikasema kama ni hivyo, usiende. Mama Masika maskini akajifanya anasoma maandishi ya kwenye betri.

Neno hilo nalifuta. Unaenda. Hata kama ukurasa utatuangusha, unaenda.

Lakini ulisema kweli, na ukweli wako ndio ulioniuma. Kahawa ya baba yako imelipa ada ya chuo na imeishia hapo. Duka linatulisha sisi na wadogo zako. Kodi ya chumba chako na chakula chako cha huko vinategemea kamisheni ya ukurasa, na ukurasa siku hizi unapumua kwa shida. Usipoamka, utarudi nyumbani kabla hujamaliza mwaka, na mimi nitakuwa mama aliyemrudisha mtoto kwa sababu aliogopa fomu. Nimelala na wazo hilo tangu Jumatatu na halinipi usingizi.

Niache nianze mwanzo. Kazi hii sasa unaijua kunizidi, lakini nilipoianza ulikuwa mdogo, na mengi uliyaona bila kuelezwa.

Ile ofisi ya wakala wa forodha niliyokuwa karani wake Mpondwe ilipofungwa, nilifungua duka hili. Watu wa ng'ambo ya mpaka na wa huku wakawa wanaulizia vitu nisivyo navyo: pampu za dawa, mashine za kumenya kahawa, taa za sola za maana. Sikuwa na mtaji wa kuvijaza dukani. Ndipo nikasikia kwamba kuna duka la mtandaoni Kampala linalokupa kiungo chako mwenyewe. Mtu akipitia kiungo chako akanunua, mzigo unamfikia kwa basi mpaka Kasese, na wewe unapata kamisheni bila kushika hata boksi. Nikaona, ala, kumbe mdomo wangu huu unaweza kulipwa! Nikafungua ukurasa, nikaanza kuandika kwa Kiswahili ili Mkonzo wa huku na Mnande wa Kongo wote wasome: pampu gani inavuja mgongoni, taa gani inakufa ikinyeshewa, buti gani zinachubua.

Watu walisoma. Ee, walisoma sana! Kununua, hakuna. Nilikasirika, nikawaona wachoyo. Ilinichukua muda kuelewa kitu ambacho mke wa mkulima alipaswa kukijua siku ya kwanza. Mtu wa huku hasomi leo akanunua leo. Anasoma pale ambapo hana kitu mfukoni, anatamani, anafunga simu. Atanunua kahawa ikishauzwa, na wakati huo ameshasahau kama ukurasa wangu uliwahi kuwepo, anaingia duka lolote Kasese na kubeba pampu ya kwanza anayoiona. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchagua pampu, mwingine ndiye aliyekula. Nilikuwa napika, wageni wanaonja, wanaenda kula kwa jirani.

Ndiyo sababu ya fomu. Anayekuachia imeli yake leo, unaweza kumwandikia siku kahawa inapopata bei. Bila hiyo kila asubuhi unaanza na watu wapya usiowajua, na jana yako yote imepotea.

Basi nikatengeneza fomu. Wewe na dada yako mliwahi kuicheka sana, na mlikuwa na haki. Niliiga makaratasi ya mpakani. Jina la kwanza, jina la baba, kijiji, wilaya, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kazi, unatokea wapi, unakwenda wapi. Unakwenda wapi! Mtu anataka habari za buti, mimi namuuliza anakwenda wapi. Hakuna aliyejaza isipokuwa mcheshi mmoja aliyeandika jina "Mimi Mwenyewe" na kijiji "Hapa Hapa".

Nyinyi mlicheka, mimi sikucheka sana, na sikuwahi kuwaambia kwa nini.

Tulipovuka mpaka kutoka upande wa Butembo nilikuwa mdogo kuliko mdogo wako wa mwisho. Bibi yako alinishika mkono, mjomba wako yuko mgongoni. Upande huu kulikuwa na meza, na kila meza ilikuwa na mtu mwenye kalamu anayeuliza: jina, baba, kijiji, unatokea wapi, unakwenda wapi. Bibi yako aliogopa kalamu kuliko bunduki. Kule tulikotoka, watu walioandikwa ndio waliofuatwa nyumbani usiku. Kwa hiyo kila meza alitoa jina jingine. Alinibana kidole nisimsahihishe. Ndiyo maana mimi na mjomba wako tuna majina ya baba tofauti kwenye karatasi, ilhali tumetoka tumbo moja, na baba niliyeandikiwa mimi hakuwahi kuishi popote duniani. Alipokuwa hai nilimuuliza, "Mama, huyu baba ulimtoa wapi?" Akasema, "Nilimuona amebandikwa kwenye gunia ya chumvi." Tulicheka mpaka tukalia.

Sasa mtoto wa mwanamke huyo, nilipokuja kupata kazi kwa wakala wa forodha, niliona raha kukaa upande wa pili wa meza. Usinielewe vibaya, kazi ilinilea na nilikuwa hodari. Lakini nilizoea. Nilisahau mtu anavyojisikia akiulizwa. Nilipopata ukurasa wangu mwenyewe, cha kwanza nilichoweka ni ile meza, na waliokuwa wanapita mbele yake wengi ni watu wa Beni na Butembo, watu wa bibi yako. Walifunga simu zao wakaenda. Mimi nikasema hawajui teknolojia. Hebu fikiria kiburi hicho.

Kosa la pili unalijua, kwa sababu lilikuangukia wewe.

Nikaipunguza fomu maswali, wachache wakajaza kwa hiari na kuanza kununua; waliokataa niliwajazia. Siku ya kikao cha kina mama wa kahawa nilizunguka na kuwaambia, "Leteni simu, kuna mambo ya kikundi." Nikafungua imeli zao nikaziandika mwenyewe kwenye fomu, moja moja, na roho yangu imetulia kabisa. Niliona nawasaidia. Usiku ule nilimwambia baba yako, "Sasa tuna watu." Yeye akaniuliza, "Wao wanajua kwamba ni watu wako?" Nikamwambia arudi kwenye kahawa yake.

Sikufikiria imeli zile zilitoka wapi. Wewe unamjua Moses wa simu pale stendi. Mama wa hapa akinunua simu kwake, simu haikubali kuanza bila imeli, na mama hana imeli wala hajui ni mnyama gani. Moses anamfungulia moja, anaweka neno la siri analolijua yeye, imeli inabaki wazi kwenye simu yake pia, mama anaondoka zake. Siku za soko foleni ikiwa ndefu, Moses hafungui nyingine, anawapa watatu wanne imeli moja, na mara nyingine ni ile ya kwake mwenyewe. Kwa hiyo barua zangu tamu kuhusu mashine za kumenya kahawa zote zilikuwa zinamwagika kwa Moses! Kila wiki anapokea ile ile mara nyingi, "Mpendwa mama mkulima". Kijana wa watu, hana hata mbuzi. Akawa anazibonyeza zote kuwa ni taka. Na kwa wale wachache waliokuwa na imeli zao, watoto wanaochezea simu wakafanya hivyo hivyo.

Ile huduma tuliyokuwa tunatumia kupeleka barua ikaona malalamiko ni mengi, ikatufungia. Waliojiandikisha kwa hiari yao, wale wachache wa kweli waliokuwa wanasoma na kununua, nao tukawapoteza siku hiyo hiyo. Kamisheni ikakauka, ada yako ikakosekana. Muhula ule ulikaa nyumbani. Ulikuwa unabeba maji, unashinda hapa dukani, wenzako wakipita na sare unajiinamia kwenye simu.

Na Mama Masika, ambaye ndiye mkubwa wa kile kikundi, alikuja akasimama hapo mlangoni, hakuingia. Moses alikuwa amemwambia. Akaniuliza, "Dada, umetuandika wapi? Ni mkopo?" Wenzake walikuwa wameacha kulala, wanadhani watakuja kunyang'anywa mashamba. Nilimweleza nusu saa nzima. Alielewa, alinisamehe, ananunua betri kwangu mpaka leo. Lakini lile swali lilikuwa la bibi yako. Niliapa kwamba fomu haitakanyaga tena kwenye ukurasa wangu.

Ndiyo kilichonipanda kichwani Jumatatu, mwanangu. Nilikuona wewe na nikajiona mimi. Na sasa nikuambie kitu ambacho sijakisema kwa mdomo kwa sababu nitalia, na wewe unachukia nikilia: muhula ule wa kukaa nyumbani hujawahi kunirushia usoni. Ungeweza Jumatatu. Nilikupa kila sababu. Mtu mwingine angesema, "Wewe ndiye ulinikalisha nyumbani, sasa unanifundisha nini?" Wewe uliizima fomu, ukaenda kuwaogesha wadogo zako. Nilikuona. Nimejivunia wewe mpaka kifua kikaniuma, na bado nikaendelea kununa. Mama yako ni mtu mgumu.

Sasa sikiliza cha leo.

Ulipoondoka tu, Papa Kasereka akaingia, yule wa Butembo anayepitisha vitenge na kuchukua taa kwangu. Akaomba soda, akakaa pale kwenye gunia, anasubiri gari lake limalizane na watu wa forodha. Nikajisemea, huyu ni mtu wa mama yangu mtupu, hakuna anachoogopa kama karatasi. Nikaiwasha fomu yako. Kile kitufe ulinionyesha mwenyewe; fomu hukuifuta, uliizima tu, mjanja wewe. Nikampa simu nikamwambia, "Papa, soma hii ya taa, uniambie kama ni ya kweli."

Alisoma mstari mmoja, fomu ikamrukia. Akarudisha kichwa nyuma. "Mama Bwambale, hii kintu iko inanifunika macho! Nilikuwa ninasoma!"

"Funga hapo juu."

"Ah bon." Akafunga, akasoma mpaka mwisho midomo ikicheza. Kisha akauliza mwenyewe, sikumsukuma, "Na ile ilikuwa inataka nini?"

"Inaomba imeli."

"Jina yangu?"

"Hapana, imeli tu."

"Kijiji? Namba ya karte?"

"Imeli tu, papa, wala kitambulisho sitaki."

Akacheka na soda ikampalia. "Basi umebadilika kweli! Ile yako ya zamani ilikuwa kama bariere ya askari mu barabara. Mimi niliionaka, nikazima simu, nikatoa betri!"

Alitoa betri, Bwambale! Miaka yote hii ananunua taa kwangu na hajawahi kuniambia. Halafu akaniuliza, "Nikiweka imeli, mutanitumia nini?"

Nikasema, "Habari za vifaa."

"Kila siku? Mimi niko na mambo mingi."

Miaka yote ile, fomu ya kwanza na ya pili, sikuwahi kujiuliza nitampa nini huyo mtu. Nilifikiria nitakachopata. Akaona nimekwama, akanisaidia. "Munitumie wakati kintu iko muzuri. Na munitumie pia wakati iko mubaya, museme iko mubaya. Hiyo nitasoma. Mutu wa kuniambia kintu mubaya mbele sijatoa franga, huyo ni ndugu yangu."

Kisha akachukua simu akaanza kuandika. Nikamwangalia begani, nikaona si ya kwake. "Papa, hiyo ni ya nani?"

"Ya mutoto yangu wa Goma. Mimi sisomi imeli. Yeye ndiye anasomaka, na ndiye ananinunulia."

"Usiandike ya mtu ambaye hajui!" Nilipaza sauti kama mwendawazimu, nikanyoosha mkono ninyang'anye simu. Ameshabonyeza. Nikakaa chini. Nikasema hii hapa, yale yale, tumeanza tena, na mtoto wangu hata basi hajapanda.

Kabla hajamaliza soda simu yake ikalia. Ni yule kijana wa Goma. Papa Kasereka akaweka sauti kubwa, unajua wanavyopenda. "Papa, iko watu wa Bwera wananiandikia, wanauliza kama mimi ndiye nimeomba barua zao. Ni wewe? Nikubali?"

"Watu muzuri, kubali!"

"Nao ni wa nini?"

"Ni wa kusema kintu gani iko muzuri, gani iko mubaya."

"Ah, basi sawa. Nimekubali."

Nikabaki nimeshika kifuniko cha soda. Nikakuelewa. Umeweka fomu inayomtafuta mwenye imeli na kumuuliza yeye kwanza, na asipojibu, haandikwi. Na kisanduku ni kimoja. Hukumuuliza baba yake, hukumuuliza anakokwenda. Kila mahali nilipoanguka ulikuwa umeshaweka mahali pa kukanyaga. Na mimi Jumatatu sikuisoma hata fomu yenyewe, niliona neno "imeli" nikaanza kupiga kelele.

Kwa hiyo naomba radhi. Naiandika hapa kwa sababu jioni baba yako atakuwepo, na nikiomba radhi mbele yake atataka nimwombe na yeye kwa yale maneno ya kahawa.

Lakini usivimbe kichwa, kuna mahali ulikosea. Kumfunika mtu macho kabla hajasoma si adabu. Mtu wa huku ana kifurushi kidogo cha intaneti, kila kinachoruka kinamla. Ndiyo, najua, wale wa mtandaoni wanasema fomu inayoruka inaleta imeli nyingi zaidi. Inaleta. Mimi nilikuwa na imeli nyingi kuliko miti ya kahawa ya baba yako, na tulikosa ada. Nimeishusha. Sasa inakaa mwisho wa makala, pale mtu ameshamaliza kusoma na ameshajua kama anatupenda. Ukitaka kuipandisha juu, nipigie kwanza tugombane vizuri.

Na maneno yake nimebadilisha. Uliandika "Jiandikishe sasa, usipitwe." Hilo neno "jiandikishe" likae mbali na watu wetu. Nimeweka hivi: "Tukiona kifaa kizuri tutakuambia. Tukiona kibaya tutakuambia pia. Ukichoka na sisi, sema tu." Si maneno ya kitaalamu, ni ya Papa Kasereka.

Sasa kazi ni yako, na hapo ndipo nina matumaini kweli, siyo ya kukubembeleza ili usilie kwenye basi. Mimi niko Bwera, nilikuwa naandika juu ya vifaa ambavyo vingi nimeviona kwenye picha tu. Wewe utakuwa Kampala, mji ule ule lilipo hilo duka la mtandaoni. Nenda ukavishike. Jaza pampu maji uivae mgongoni uone kama inavuja. Iwashe taa uiache kwenye mvua. Halafu uandike barua, na usiandike kila siku. Andika kahawa inapovunwa na inapouzwa, andika mvua zinapokaribia. Majira unayajua, umekulia ndani yake, na wale vijana wa Kampala mtakaosoma nao hawana hilo hata wakiwa na kompyuta za namna gani. Na wakumbuke wa mbali. Nilidhani anayesoma ni mkulima. Kumbe mara nyingi ni mtoto wa mkulima, yuko Goma au Kampala au Ulaya, anatafuta kitu cha kumpunguzia mama yake mgongo. Waandikie hao. Unawajua, kuanzia kesho wewe ni mmoja wao.

Kamisheni ikija, usiikimbilie. Ipo siku duka hilo la Kampala litakuongezea fungu ili usifie kitu ambacho umekiona kinavuja, na itakuwa wiki ambayo kodi inadaiwa na tumbo linanguruma, najua, ndivyo inavyokuwa. Siku hiyo nipigie kabla hujaandika chochote. Sitakuhubiria. Nitauza mbuzi. Mbuzi yupo, tumeshaongea na baba yako.

Ukikosea, maana utakosea, usikae miaka unaogopa kitu kizima kwa sababu ulikishika vibaya mara moja. Mimi niliizima fomu, nikajiita mwenye busara. Nilikuwa nimeumia tu. Wasomaji walipita mbele ya mlango wetu miaka hiyo yote na sikumwambia hata mmoja karibu tena. Ningekaa chini nikaulizana na mtu mmoja kama Papa Kasereka, leo usingekuwa unaondoka na wasiwasi wa kodi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kufungiwa.

Nasikia gari la taxi limesimama, lakini si nyinyi, ni Mama Masika na kikapu chake. Nimemwacha aingie, nimemwonyesha fomu na kumweleza yote, pamoja na Moses. Ameisoma polepole, akacheka pale kwenye "ukichoka na sisi, sema tu". Akasema, "Huyu mtoto alikuwa sahihi Jumatatu, nilitaka kukuambia, nikaogopa macho yako." Kisha akaniuliza kama Moses anaweza kumfungulia imeli ya kwake peke yake, yenye neno la siri analolijua yeye tu. Ameelekea stendi sasa hivi. Namhurumia Moses.

Nimebaki peke yangu na simu. Nimefungua ukurasa, nimeshuka mpaka chini, na nimeweka imeli yangu kwenye kisanduku chako. Sikujipa upendeleo, nimejaza kama mtu yeyote. Najua wewe si wa kupiga simu. Utapiga wiki ya kwanza, ya pili utasema bando limeisha, ya tatu utakuwa na rafiki. Lakini barua za wasomaji utaziandika, maana ndizo chakula chako, na kila ukiandika kuhusu pampu inayovuja nitajua umeamka, umekula, mikono yako inafanya kazi.

Haikuchukua muda. Imekuja ile imeli yako ya kuuliza, kwa Kiswahili kizuri, bila kosa. Inauliza kama kweli ni mimi, na kama nina hakika ninataka kupokea barua kutoka kwako.

Swali gani hilo, wewe mtoto. Nimebonyeza.

Mama yako